Nuru Iliyopimwa Kivu Kabla ya Kufundishwa

Katika soko la Nyawera, komini ya Ibanda mjini Bukavu, vinauzwa vitu vingi ambavyo jicho haliwezi kuvihukumu. Unga wa muhogo unaweza kuwa umetokana na mihogo iliyolowekwa siku za kutosha, au iliyoharakishwa kwa sababu ya njaa au bei. Weupe wake ni ule ule. Chumvi inaweza kuwa na iodini, au iodini hiyo ikawa imekwisha kupotea njiani kwa unyevu. Kidonge cha malaria kinaweza kuwa na dawa iliyoandikwa kwenye pakiti yake, au nusu yake, au kisiwe nayo kabisa. Maswali haya yote yana majibu, na sehemu kubwa ya majibu hayo hupatikana kwa njia moja: kuipitisha nuru katika kitu kinachochunguzwa, au kukifanya kitu chenyewe kitoe nuru, kisha kupima kwa makini ni nuru ipi imepungua na ipi imezaliwa. Hiyo ndiyo kazi ya spektroskopia. Vyombo vingi vya uchambuzi wa kemia, kuanzia kolorimeta ya rangi hadi mashine zinazogharimu kuliko jengo zinamowekwa, vimetokana na wazo hilo.

Mwanafunzi wa kemia wa Bukavu analijua wazo hilo. Anaijua kanuni ya Beer na Lambert, kwamba kadiri mmumunyo unavyokolea ndivyo unavyofyonza nuru zaidi, na anaweza kueleza ubaoni kwa nini alkoholi huonyesha bonde pana katika spektra ya infraredi. Anachokosa mara nyingi ni kupima kwa mkono wake. Sababu zinazotajwa daima ni umaskini, vita na umeme: mashine ni ghali, zilizokuwapo ziliporwa au ziliharibika, na umeme wa bwawa la Ruzizi hukatika hata taa ya chombo isipate muda wa kutulia. Sababu hizo ni za kweli. Lakini historia ya Kivu inaonyesha kwamba hazitoshi kueleza hali iliyopo. Vyombo vya kupima nuru vilifika huku mapema, kabla ya chuo kikuu chochote kufungua milango Bukavu. Vilitumiwa kwa ustadi wa hali ya juu, tena juu ya vitu vya hapa hapa: magome ya miti yetu, mihogo yetu, mkojo na damu ya watu wetu, mawe ya milima yetu. Kilichokosekana tangu mwanzo ni mlango kati ya chumba cha kupimia na chumba cha kufundishia. Ninashikilia kwamba utengano huo ndio kiini cha udhaifu wa somo hili, na kwamba uhaba wa mashine umeuzidisha tu.

Ushahidi wa kwanza ni kwinini. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walifanikiwa kuitenga kutoka kwenye gome la mti wa sinkona. Mwaka 1845 John Herschel, Mwingereza, aliona kwamba mmumunyo wa kwinini, ambao ni mwangavu kama maji ukiutazama kwa kawaida, huonyesha utando wa rangi ya buluu pale jua linapoupiga. Miaka saba baadaye, 1852, George Stokes alieleza kinachotokea: kwinini hupokea mionzi ya ultravioleti ambayo jicho haliioni, kisha huirudisha kama nuru ya buluu yenye wimbi refu zaidi. Tukio hilo tunaliita fluoresensi, na kwinini ndiyo iliyolifungulia mlango. Hadi leo mmumunyo wa kwinini katika asidi hafifu ya salfuriki hutumika duniani kote kama kigezo cha kulinganishia mng'ao wa vitu vingine. Ukiupiga kwa mionzi ya nanomita 350 hivi, hurudisha nuru ya nanomita 450 hivi. Na ukiongeza chumvi ya kawaida, mng'ao huzimika polepole, kwa kuwa kloridi huinyang'anya kwinini nishati yake kabla haijawa nuru.

Sasa tuangalie jinsi gome hilo lilivyofika Kivu. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, takribani sehemu tisa kati ya kumi za magome ya sinkona duniani zilitoka Java, kwenye mashamba ya Waholanzi. Wajapani walipoiteka Java mwaka 1942, majeshi ya nchi za Magharibi yalibaki karibu bila kwinini, na mashamba ya sinkona yaliyokuwa yameanza kuoteshwa kwenye miinuko ya Kivu, pamoja na kazi ya kituo cha utafiti wa kilimo cha INEAC kule Mulungu, yakapata umuhimu wa ghafla. Kampuni ya Congokina, na baada yake Pharmakina, ziliifanya Bukavu kuwa moja ya miji michache duniani ambamo gome huingia kiwandani likiwa gome na kutoka likiwa dawa. Kwa miongo kadhaa Pharmakina ilikuwa chini ya Wajerumani wa Boehringer Mannheim, hadi mameneja wake walipoinunua mwaka 1999. Biashara ya namna hiyo haiwezekani bila uchambuzi wa kila siku. Gome hununuliwa kwa kiasi cha alkaloidi kilichomo. Kwinini na nduguye kwinidini zina atomu zile zile kwa idadi ile ile, ila moja huizungusha nuru iliyopolarishwa upande wa kushoto na nyingine upande wa kulia. Anayezichanganya anamuuzia mgonjwa wa malaria dawa ya moyo.

Vita hivyo hivyo vilizaa jambo jingine upande wa pili wa bahari. Katika hospitali ya Goldwater, New York, kundi lililoongozwa na James Shannon lilikuwa likitafuta dawa za kuchukua nafasi ya kwinini, na lilihitaji kujua ni kiasi gani cha dawa kinabaki katika damu ya mgonjwa. Bernard Brodie na Sidney Udenfriend walitumia mng'ao wa dawa hizo kupima kiasi kidogo mno. Kutokana na kazi hiyo Robert Bowman alitengeneza chombo alichokitangaza mwaka 1955 pamoja na wenzake, spektrofluorometa, ambacho kilibadilisha uchunguzi wa dawa na wa ubongo kote duniani. Kwa hiyo malaria na sinkona vilichangia kuzaliwa kwa chombo kilichoenea katika maabara za dunia nzima. Sioni mfano bora wa kuanzia somo la fluoresensi mahali popote, na hauhitaji kuagizwa: mti unaota kwenye miinuko ya Kivu yenyewe. Kinachohitajika kwa onyesho la kwanza ni taa ya ultravioleti ya aina inayotumiwa kukagua noti za dola, kidonge cha kwinini, asidi hafifu na chumvi ya jikoni. Penye miti hapana wajenzi, walisema wazee, na hapa msemo huo unaweza kuchukuliwa neno kwa neno.

Ushahidi wa pili ni mzito zaidi, na ndio ninaotaka kukaa nao. Mwaka 1947 serikali ya Ubelgiji iliunda IRSAC, taasisi ya utafiti wa kisayansi katika Afrika ya Kati, chini ya uongozi wa Louis van den Berghe. Makao yake makuu yakajengwa Lwiro, kaskazini mwa Bukavu, kwa mawe, bustani, maktaba na maabara ambazo koloni nyingi za wakati huo hazikuwa nazo. Baada ya uhuru taasisi ilibadilishwa majina, hadi ikawa CRSN, kituo cha utafiti wa sayansi asilia, jina inalobeba leo. Wanyama, matetemeko ya ardhi, samaki na lishe vyote vilichunguzwa pale. Lakini kazi iliyoipa Lwiro nafasi katika tiba ya dunia ilihusu uvimbe wa shingo, yaani rovu.

Katika Ziwa Kivu kiko kisiwa cha Idjwi. Miaka ya 1960 watafiti waliofanya kazi na IRSAC, wakiwemo François Delange na André-Marie Ermans, waligundua kwamba kaskazini mwa kisiwa watu wengi mno walikuwa na rovu, na watoto wengine walizaliwa na udumavu mzito wa mwili na akili, hali kusini-magharibi, katika kisiwa kile kile, rovu lilikuwa nadra. Maelezo ya vitabuni yalikuwa mepesi: rovu ni upungufu wa iodini. Basi wakapima iodini. Njia iliyokuwapo ilitokana na kazi ya Sandell na Kolthoff ya miaka ya 1930, na uzuri wake unastahili kuelezwa. Chumvi ya seri yenye rangi ya manjano, ikichanganywa na asidi ya arseniasi, hupoteza rangi yake taratibu sana. Lakini chembe ndogo ya iodini huichochea ipoteze rangi haraka. Mpimaji huitazama rangi ya manjano ikififia kwa kolorimeta, karibu na nanomita 420, akishika saa. Kasi ya kufifia humwambia kiasi cha iodini iliyomo kwenye mkojo, hata ikiwa ni sehemu chache za milioni moja ya gramu.

Vipimo vikasema jambo lisilotarajiwa: iodini ilikuwa pungufu pande zote mbili za kisiwa, kwa kadiri inayokaribiana. Upungufu ulikuwa wa lazima ili rovu litokee, lakini haukutosha. Hapo ndipo macho yakageukia muhogo. Muhogo una linamarini, ambayo mzizi ukikwanguliwa au kupondwa huachia sianidi. Mwili hujitetea kwa kuibadilisha sianidi kuwa tiosianeti, kwa kuifunga na salfa, na tiosianeti nayo huizuia iodini isiingie kwenye tezi ya shingo. Kiwango cha tiosianeti kikapimwa, nacho pia kwa rangi, na kaskazini kilikuwa juu kuliko kusini-magharibi. Iodini kidogo pamoja na tiosianeti nyingi ndiyo iliyokuwa ikiumiza. Delange na Ermans walichapisha hoja hiyo mwaka 1971, na mwaka 1980 kitabu kilichotolewa Ottawa na kituo cha Kanada cha IDRC kiliikusanya pamoja na matokeo ya utafiti wa eneo la Ubangi. Miongoni mwa wahariri wake wanne, jina la Mbulamoko wa Zaire liko mbele ya jina la Delange. Tangu hapo, mtu yeyote anayejadili muhogo na tezi ya shingo, awe Nigeria au Msumbiji, anaanzia na kazi iliyofanywa kwenye kisiwa hiki na kule Ubangi.

Nimeueleza mfano huu kwa urefu kwa sababu unaonyesha ni nini hasa kinachofundishwa pale spektroskopia inapofundishwa vizuri. Chombo chenyewe kilikuwa cha kawaida, kolorimeta na saa. Nguvu ilikuwa katika mpangilio: pande mbili za kisiwa za kulinganishwa badala ya mmoja, vigezo vya kiasi kinachojulikana vilivyopimwa siku ile ile, maji matupu yaliyopitishwa hatua zote ili kugundua uchafu wa vyupa, na swali lililokuwa tayari kukataliwa na namba. Kama watafiti wale wangepima kaskazini peke yake, wangeikuta iodini iko chini, wangefunga daftari, na kosa lingeingia vitabuni. Mwanafunzi anayejifunza kwa fomula peke yake hawezi kuipata hofu hiyo ya kisayansi, hofu kwamba namba iliyo mbele yake inaweza kuwa sahihi na bado isijibu swali. Hofu hiyo hujengwa na mkono unaopima, unaokosea, na unaopima tena.

Je, elimu ilikuwa wapi wakati haya yakitokea? Taasisi ya ualimu ya Bukavu, ISP, ilianza mwaka 1961, na kazi yake ilikuwa kuandaa walimu wa sekondari. Mtihani wa serikali uliwekwa mwaka 1967, mwaka ule ule ambao mamluki wa Jean Schramme waliushikilia mji kuanzia Agosti hadi Novemba. Mwaka 1971 Mobutu aliunganisha elimu ya juu yote ya nchi katika chuo kikuu kimoja, UNAZA, na vitivo vya sayansi vikawa Kinshasa, Kisangani na Lubumbashi. Kijana wa Kivu aliyetaka kuwa mkemia alilazimika kusafiri mamia ya kilomita au zaidi, akiiacha nyuma maabara ya Lwiro iliyokuwa mwendo wa saa chache tu kutoka kwao. Nadhani hapa ndipo utengano ulipokazwa. Utafiti ulikuwa chini ya mamlaka moja, ualimu chini ya nyingine, kiwanda chini ya wenye mtaji wa nje. Vyuo vikuu vyenyewe vilikuja baadaye: Chuo Kikuu Katoliki cha Bukavu mwaka 1989, chuo cha Kiinjili kule Panzi mwaka 1991, kisha Chuo Kikuu Rasmi. Vilizaliwa wakati serikali ilipokuwa ikiporomoka na mishahara ikiliwa na mfumuko wa bei, na mara tu vikakutana na wakimbizi wa 1994 na vita vya 1996 na 1998. Somo likabebwa na silabasi, ile nakala ya mwalimu inayopigwa fotokopi na kununuliwa na kila mwanafunzi. Ndani yake mna jedwali la masafa ya infraredi, mchoro wa ndani wa spektrofotometa na mazoezi yenye majibu. Saa za mazoezi ya vitendo, zile ambazo wanafunzi huziita TP, zikapungua mwaka hadi mwaka, na pale zilipobaki, mara nyingi kikundi kizima kilizunguka chombo kimoja, mmoja akibonyeza na wengine wakinakili.

Siidharau silabasi. Imehifadhi elimu katika miaka ambayo hakuna kingine kilichoweza kuihifadhi. Tena kusoma spektra juu ya karatasi ni ustadi wa kweli: kitabu cha Silverstein na Bassler cha mwaka 1963, ambacho vizazi vya wakemia duniani vimekitumia kutambua molekuli, ni kitabu cha michoro. Mwanafunzi wa Bukavu anayeyatatua mafumbo hayo anafanya kile kile anachofanya mwenzake wa Chicago. Lakini somo hili lina nusu mbili. Nusu ya kwanza ni kufasiri, kuuliza molekuli hii ni ipi, na hiyo karatasi inaiweza. Nusu ya pili ni kupima, kuuliza kiko kiasi gani na nina uhakika kiasi gani, na hiyo karatasi haiiwezi hata kidogo, kwa sababu kwenye karatasi vigezo vyote hulala juu ya mstari ulionyooka. Kwenye meza halisi havilali. Kichupa cha sampuli kina alama ya kidole, taa imepashwa joto nusu, mmumunyo umekolea kupita mahali ambapo kanuni ya Beer bado inatii. Na maswali ya Nyawera, yale ya unga, chumvi na kidonge, karibu yote ni ya nusu hii ya pili.

Kuna pingamizi linalostahili heshima, nalo ni kwamba kuitukuza Lwiro ni kuutukuza ukoloni. IRSAC ilijengwa na dola iliyokuwa ikiwatawala watu hawa kwa nguvu. Wanakijiji wa Idjwi walitoa damu na mkojo, nao umaarufu ukaenda Brussels. Sina la kupunguza katika shutuma hiyo. Lakini tuangalie inakotupeleka. Kama kosa la Lwiro lilikuwa kuwafanya watu wa Kivu kuwa sampuli bila kuwafanya kuwa wapimaji, basi kuiacha Lwiro nje ya somo la kemia ni kuliendeleza kosa lile lile kwa mkono wetu. Urithi huo unarudishwa pale mwanafunzi anaporudia kipimo cha rovu, akitumia chumvi ya sokoni na mkojo wa hiari wa wanafunzi wenzake, na kuona kama namba za leo zinafanana na za babu zake.

Wengine watasema kwamba njia hizi za rangi zimepitwa na wakati, kwamba dunia iko kwenye kromatografia ya majimaji yenye shinikizo kubwa na spektrometa za masi, na kwamba kumfundisha kijana wa Bukavu kolorimeta ni kumwandaa kwa karne iliyokwisha. Pingamizi hili linasikika la kisasa, ila halijaangalia kazi inavyofanyika. Njia ya Sandell na Kolthoff, ikiwa imeboreshwa, bado hutumika katika nchi nyingi kupima iodini ya mkojo. Sianidi ya muhogo hupimwa kwa karatasi ya pikreti iliyobuniwa na Howard Bradbury na wenzake huko Canberra. Karatasi hiyo ya manjano hugeuka kahawia kadiri gesi ya sianidi inavyotoka kwenye unga, na rangi yake hulinganishwa na chati, au huoshwa ndani ya maji na kusomwa kwa nanomita 510. Kikomo cha kimataifa cha unga wa muhogo ni miligramu 10 za sianidi kwa kilo, na karatasi hiyo inakiona. Wala jambo hili halikuisha na rovu. Konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ambao Trolli aliueleza huko Kwango mwaka 1938, na ambao unatokana na muhogo usioandaliwa vizuri, ulijitokeza pia katika Kivu ya Kusini, upande wa Burhinyi, katika miaka ya vita, pale watu waliokimbia mashamba yao walipokosa muda na maji ya kuloweka. Nani atasema kwamba kipimo hicho ni cha zamani?

Kuhusu kulifundisha wazo lenyewe, historia ya vyombo inatusaidia zaidi. Kolorimeta ya Duboscq ya karne ya 19 haikuwa na umeme wala elektroniki. Mirija miwili ya kioo inatazamwa kutoka juu, mmoja una mmumunyo unaojulikana na mwingine usiojulikana, na mpimaji hubadilisha kina hadi rangi zilingane. Uwiano wa kina humpa uwiano wa ukolevu. Kwa mirija hiyo, rula, na tiosianeti inayogeuka nyekundu kama damu ikikutana na chumvi ya chuma, darasa zima la Bukavu linaweza kujenga mstari wa vigezo siku ya mgao wa umeme. Mwanafunzi aliyepitia hapo akikutana na spektrofotometa ataijua kabla hajaiwasha. Aliyeanza na mashine yenye skrini huamini namba kwa sababu imeandikwa vizuri.

Nakubali kwamba mipaka ipo. Mwangwi wa sumaku wa kiini (NMR) hauwezi kuigizwa kwa mirija. Mashine zake kubwa zinahitaji sumaku iliyopozwa kwa heliamu ya majimaji, na sitamshauri mkuu wa chuo yeyote wa Bukavu aitangulize sumaku hiyo mbele ya taa, vigezo na fundi wa matengenezo. Hapo karatasi na sampuli zinazotumwa maabara za nje zitaendelea kutumika kwa muda. Lakini kuna chombo kimoja cha kisasa kabisa ambacho tayari kimejaa katika biashara ya Kivu, na ambacho darasa limekiachia soko: bastola ya miale ya eksirei inayopima koltani.

Tantalamu na niobiamu, zilizomo katika koltani, ni elementi mapacha. Ziligunduliwa mwaka 1802 na 1801, zikachanganywa na wakemia kwa miongo hadi Heinrich Rose alipozitofautisha katika miaka ya 1840, na kuzitenganisha kwa asidi na vinu kulibaki kazi ya kuchosha. Kilichorahisisha kuzipambanua ni ugunduzi wa Henry Moseley wa mwaka 1913, kwamba kila elementi ikigongwa hutoa eksirei za masafa yake yenyewe, yanayofuata namba yake ya atomu bila kukosea. Bastola ya leo ni Moseley aliyeshikwa mkononi: hupiga mchanga kwa miale, husoma miale inayorudi, na baada ya sekunde chache huandika asilimia. Asilimia hiyo ndiyo bei. Mwishoni mwa mwaka 2000, tantalamu ilipopanda bei kwa namna isiyowahi kuonekana na kundi la waasi la RCD likaipa kampuni ya SOMIGL haki ya pekee ya kuiuza nje, tofauti ya pointi chache katika kipimo ilikuwa tofauti ya maelfu ya dola kwa shehena. Hadi leo mchimbaji humpelekea mnunuzi mdogo, naye huipeleka komptwari, yaani nyumba inayonunua na kuuza nje, na katika kila hatua aliye na kipimo ndiye anayetamka bei.

Mashine hiyo haidanganyi, lakini inaweza kupotoshwa. Mchanga wenye unyevu husoma chini. Punje kubwa husoma tofauti na unga laini, na chuma au bati iliyochanganyika hufyonza sehemu ya miale ya tantalamu kabla haijatoka. Zaidi ya yote, namba inayotoka inategemea vigezo vilivyowekwa ndani ya chombo siku kilipotengenezwa, mara nyingi kwa aloi za viwandani ambazo hazifanani na mchanga wa Kivu. Haya si mambo ya siri. Kila kitabu cha eksirei kinayaeleza. Hakuna mahali ambapo yangefundishwa kwa faida kubwa kuliko Bukavu, kwa kuwa hakuna mahali ambapo kutoyajua kunawagharimu watu wengi zaidi. Koltani ya mgodi mmoja ikisagwa laini, ikakaushwa, ikachanganywa kwa saa kadhaa na kugawanywa katika chupa kumi zinazofanana, kisha ikapimwa na idara ya kemia ya chuo, na ofisi ya serikali, na komptwari mbili au tatu zinazokubali, kila mmoja bila kujua jibu la mwenzake, darasa litapata katika muhula mmoja jedwali la makosa halisi lisilopatikana katika silabasi yoyote, na mchimbaji atakuwa na chupa ya kulinganishia mchanga wake kabla hajaambiwa bei.